Chupi au boksa? Kazi na mvua ndizo za kuamua kwa mwanamume wa Kisii na Nyamira

KATIKA soko la Daraja Mbili mjini Kisii au lile la Keroka, mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, mwanamume hununua shati kwa makini. Huligeuzageuza, hulipima mabegani na kukagua vifungo kimoja baada ya kingine. Anapofika kwenye nguo za ndani, aghalabu huchukua ile iliyo karibu na mkono, akalipa na kwenda zake.

Uteuzi huo wa haraka una gharama. Nguo hii hukaa mwilini mchana kutwa, tena mahali penye joto, jasho na msuguano. Ikiwa haifai, mvaaji hupata michubuko na mwasho, na kwa baadhi ya wanaume hata uwezo wa kutunga mimba unaweza kuathirika.

Nyanda za Gusii zina hali yake ya pekee. Mji wa Kisii uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na eneo hili hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka. Mawingu ya alasiri ni jambo la kawaida. Kwa hivyo, kabla ya kujiuliza ni mtindo gani unaopendeza, mnunuzi anafaa kujiuliza maswali mawili: Ninafanya kazi gani? Je, nguo hii itakauka?

Aina zilizopo

Chupi ni ile fupi isiyo na miguu, inayoshika mwili barabara. Ilianza kuuzwa mjini Chicago, Marekani, mnamo Januari 19, 1935, na kampuni ya Coopers ambayo baadaye ilijulikana kama Jockey. Sifa yake ni kushikilia viungo visining'inie. Kasoro yake ni kwamba hukusanya joto, na mishono yake hupita kwenye mikunjo ya mapaja, mahali panapochubuka upesi.

Boksa pana ni mfano wa kaptura nyepesi. Asili ya jina lake ni ndondi: mnamo 1925 Jacob Golomb, mwanzilishi wa kampuni ya Everlast, alibuni kaptura za ulingoni zenye mpira kiunoni badala ya mshipi wa ngozi. Boksa hii huruhusu hewa kupita, lakini haishikilii chochote, na hujikunja ndani ya suruali nyembamba.

Boksa ya kubana ilienea miaka ya 1990. Ina miguu inayofunika sehemu ya mapaja na hushika mwili kama chupi. Faida yake kubwa ni kuzuia paja kusuguana na paja. Hata hivyo, ikiwa ndogo kupita kiasi, huwa na joto kama la chupi au zaidi.

Kila kazi na nguo yake

Mchumaji wa majani chai katika mashamba ya Nyamira huingia kazini alfajiri, umande ungali majanini. Hutembea, huinama na kulowa. Boksa pana ikilowa hugandamana na mapaja na kuyachubua. Anayefanya kazi hiyo atafaidika na boksa ya kubana kiasi, yenye miguu mirefu kidogo, na ya kubadilisha mara tu arudipo nyumbani.

Mwendeshaji bodaboda huketi juu ya kiti chenye joto kwa saa nyingi. Achague nguo isiyo na mshono mnene katikati ya miguu, kwa kuwa ndipo uzito wote wa mwili unapoegemea. Ashuke na kutembea kidogo kila anaposubiri abiria.

Wachongaji wa mawe ya sabuni huko Tabaka nao huketi muda mrefu, tena katika vumbi. Boksa pana ya pamba, ndani ya suruali isiyobana, huwafaa, almuradi ibadilishwe kila siku. Vivyo hivyo kwa mwalimu, karani au dereva wa matatu.

Kwa mwanasoka au mkimbiaji, nguo inayoshikilia ni ya lazima. Achague chupi au boksa ya kubana wakati wa mazoezi, kisha aivue akishaoga. Kukaa na nguo yenye jasho baada ya mchezo ndiko kunakoleta madhara.

Wavulana baada ya tohara

Katika jamii ya Abagusii wavulana wengi hutahiriwa wakati wa likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Kwa desturi mvulana huvaa shuka au nguo pana hadi kidonda kipone. Kwa upande mwingine, wahudumu wa afya huweza kumshauri kijana au mtu mzima avae chupi safi inayoushikilia uume usisuguane na nguo katika siku za mwanzo. Ushauri hutegemea umri na jinsi tohara ilivyofanywa. Mzazi na amuulize aliyemtahiri mwanawe. Lisilo na mjadala ni usafi: nguo inayogusa kidonda iwe imefuliwa, imekauka, na isiwe ya kuazimana.

Kitambaa na ukavu

Pamba hunyonya jasho na haiwashi ngozi. Lebo nyingi huonyesha pamba asilimia 95 na elastani asilimia 5, mchanganyiko unaonyumbuka bila kupoteza sifa za pamba. Polista na nailoni hukauka haraka lakini huhifadhi joto na harufu.

Hapa ndipo mkazi wa nyanda za mvua anapokabiliwa na mtihani. Pamba ambayo wataalamu huisifu ndiyo inayochelewa kukauka. Msimu wa mvua za Machi hadi Mei, nguo nzito ya pamba huweza kukaa kambani siku mbili ingali na unyevu. Mwenye chupi tatu pekee hujikuta akivaa iliyo mbichi. Ni heri kuwa na sita au saba nyepesi za bei ya kadiri kuliko mbili za fahari.

Tatizo jingine ni haya. Nyumba nyingi huanika nguo za ndani chini ya shuka, au chumbani nyuma ya mlango, zisionwe na wageni. Nguo iliyofichwa hukosa jua na upepo, nayo kuvu hustawi penye unyevu. Zianikwe juani zikiwa zimepinduliwa nje ndani. Jua likikosekana, zitundikwe barazani penye upepo, kisha zipigwe pasi, hasa kwenye mishono na mpira.

Kuvu ya kinena huanza kwa mwasho, kisha hutokea duara jekundu au jeusi lenye ukingo ulioinuka. Mara nyingi hutoka miguuni. Anayevaa gambuti kutwa hupata kuvu kati ya vidole, na anapopitisha miguu ndani ya chupi huihamishia kinenani. Kinga yake ni rahisi: vaa soksi kwanza, nguo ya ndani baadaye. Aidha, usijipakie krimu zenye steroidi bila ushauri. Hutuliza mwasho huku kuvu ikiendelea kuenea.

Kuhusu mitumba, viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) haviruhusu uagizaji wa nguo za ndani zilizotumika. Ghana ilizipiga marufuku mnamo 1994 na Zimbabwe mnamo 2011. Ukinunua, hakikisha ni mpya, na uifue kabla ya kuivaa.

Suala la uzazi

Korodani hufanya kazi vyema zikiwa na joto la chini kidogo kuliko la mwili, ndiyo maana zimewekwa nje. Utafiti uliochapishwa mnamo Agosti 2018 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliohusisha wanaume 656 waliofika katika kituo cha uzazi mjini Boston, ulibaini kuwa waliovaa boksa pana walikuwa na mkusanyiko wa mbegu uliozidi wa wenzao kwa asilimia 25.

Matokeo hayo hayana maana kwamba chupi humfanya mtu tasa. Wengi wa waliovaa nguo za kubana walikuwa bado na mbegu za kutosha. Lakini kwa mume ambaye mbegu zake ni chache, kubadili mtindo ni hatua isiyo na gharama kubwa. Asitarajie matokeo ya wiki moja, kwa kuwa mbegu huchukua takriban miezi mitatu kukomaa.

Ni muhimu jambo hili lieleweke vijijini, ambako ndoa ikikosa mtoto lawama humwangukia mke. Sababu inaweza kuwa kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili. Wapimwe wote kabla ya yeyote kunyooshewa kidole.

Kabla ya kulipa

Pima kiuno kwa utepe wala usibahatishe. Mpira ukiacha alama nzito kiunoni jioni, nguo ni ndogo. Vuta mpira na uuachilie. Usiporudi upesi, utalegea baada ya kufuliwa mara chache. Pitisha kidole kwenye mishono ya ndani uone kama inakwaruza.

Nguo ya ndani haitibu ngiri wala busha. Uvimbe wa kinena au korodani unahitaji daktari. Mvulana au mwanamume akipata maumivu makali ya ghafla ya korodani, apelekwe hospitalini mara moja. Huenda imejisokota, na ikipita saa sita bila matibabu, uwezekano wa kuiokoa hupungua sana.