Kinena cha Mwanasoka: Uzi au Wavu?

Umewahi kumwona winga anapiga krosi, halafu anainama akishika kinena? Mwaka 1980, Jerry Gilmore, daktari wa upasuaji wa London, alipokea wanasoka wa kulipwa wenye maumivu hayo. Ukiwapima huoni uvimbe wa ngiri. Alipowafungua akakuta tishu za ukuta wa chini wa tumbo zimechanika. Akazishona, wakarudi uwanjani.

Baadaye kila mtu akaja na njia yake. Kule Munich, Ulrike Muschaweck alishona sehemu dhaifu tu, kwa ganzi, bila wavu. Wengine walipitisha vifaa kwenye matundu madogo, wakaweka wavu nyuma ya ukuta huo. Wote walisifu matokeo yao. Lakini ngoja kwanza: mchezaji aliyeshonwa pia amepumzika na kufanya mazoezi. Utajuaje kilichomponya?

Wafini wakaamua kupiga kura. Kati ya wagonjwa 60 wenye maumivu sugu, 30 waliwekewa wavu na 30 wakatibiwa bila kisu. Matokeo yalitoka 2011: baada ya miezi 3, walikuwa wamerudi michezoni 27 kwa 8. Si mchezo!

Je, uzi au wavu? Jaribio la 2019, lenye wanamichezo 65, lilipambanisha mshono wa Muschaweck na wavu. Wa wavu walipata nafuu mapema kidogo, ila kufikia miezi 3 tofauti ilikuwa imeyeyuka. Kwa hiyo ligi ikiwa imebakiza mwezi mmoja, wavu una hoja. Kama msimu umeisha, mimi ningemwachia daktari njia aliyoizoea.