Uwakilishi na Usawiri: Istilahi Mbili za Uhakiki wa Filamu

Wahakiki wa filamu wanaoandika kwa Kiingereza hutumia neno moja, representation, kwa mambo mawili: nani anaonekana kwenye filamu kwa niaba ya jamii yake, na anaonyeshwa vipi. Wafasiri wengi huandika "uwakilishi" kote. Lakini uwakilishi una asili moja na wakili, yule anayesimama mahali pa mwenzake, kama wajumbe wa Baraza la Wawakilishi kule Zanzibar. Jinsi mtu anavyochorwa ni jambo jingine, nalo katika uhakiki wa fasihi yetu huitwa usawiri.

Filamu za Uingereza za katikati ya karne ya 20 zinadai maneno yote mawili.

Men of Two Worlds (1946), ya Thorold Dickinson, inahusu Tanganyika. Kisenga, mpiga piano aliyeishi Uingereza miaka mingi, anarudi kwao kusaidia vita dhidi ya malale. Mhusika mkuu ni mtu mweusi, jambo adimu enzi hizo, ila anaigizwa na Robert Adams wa Guyana, na mganga Magole ni Orlando Martins wa Nigeria. Mtanganyika amewakilishwa na wageni. Kwa usawiri, mganga ni kikwazo cha maendeleo, na usomi wote wa Kisenga haumkingi na hofu ya uganga.

Katika Pool of London (1951), ya Basil Dearden, Earl Cameron wa Bermuda ni Johnny, baharia mpole anayevutiwa na Pat, msichana mzungu. Usawiri hapa una utu, lakini una mpaka: mapenzi yao hayaruhusiwi kufika popote, na Johnny anaondoka na meli.

Sapphire (1959), ya Dearden huyohuyo, ilitoka mwaka mmoja baada ya ghasia za kibaguzi za Notting Hill, London, na kupata tuzo ya filamu bora ya Uingereza. Polisi wanamsaka muuaji wa Sapphire, msichana chotara aliyeishi kama mzungu. Kwa uwakilishi imejitahidi: kuna daktari mweusi, mwanasheria, hata wahuni. Kisha tunaingia klabuni. Ngoma zinalia, kamera inaangalia miguu isiyotulia, na polisi wanaelezwa kwamba hata chotara mwenye ngozi nyeupe hujulikana midundo ikianza. Filamu inayopinga ubaguzi inatuaminisha kwamba damu ndiyo inayocheza. Sapphire mwenyewe tunamkuta akiwa maiti; wengine ndio wanaomsimulia.

Tukisema "uwakilishi" tu, Sapphire itapata sifa zote na kasoro yake haitatajwa. Basi tuuache uwakilishi uhesabu watu, mbele na nyuma ya kamera, na usawiri upime sura wanayopewa. Nyuma ya kamera hesabu ilichelewa: filamu ndefu ya kwanza ya Uingereza iliyoongozwa na mtu mweusi, Pressure ya Horace Ové, ilitoka mwaka 1976.