Matumaini ya Mgonjwa wa Saratani ya Matiti Mulago, 1967–2018

Mgonjwa wa saratani ya matiti mjini Kampala husikia neno moja kila aendako: jipe moyo. Huambiwa na wauguzi, na ndugu, na mchungaji au shehe. Ni neno jema. Hata hivyo, insha hii inashikilia kwamba moyo huo una historia, na kwamba kumdai mgonjwa moyo bila kuitazama historia hiyo ni kumtwisha mzigo wa pili.

Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967. Haikuanzishwa kwa ajili ya wanawake wenye uvimbe wa titi. Ilianza kama kituo cha kutibu limfoma ya watoto, ule uvimbe wa taya ambao daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa hapo hapo Mulago. Baadhi ya watoto hao walipona kwa dawa tu, bila kisu. Matumaini ya kwanza ya kilima kile, basi, yalikuwa ya watoto. Mwaka 1972, Idi Amin akiwa madarakani, mkurugenzi Mmarekani John Ziegler aliondoka na Dkt. Charles Olweny, Mganda, akashika nafasi yake. Kwamba wodi hazikufungwa miaka ile, mimi naona ni moja ya habari kubwa za Kampala ya karne iliyopita.

Kwa mwanamke, titi lilibaki siri. Waganda huuita ugonjwa huu kkookolo, na wengi walilichukua jina hilo kama hukumu ya kifo. Walifika hospitalini uvimbe umeshakuwa kidonda. Aliyepona alinyamaza, aliyekufa alizungumzwa matangani. Jirani aliyekuwa akisikiliza alihesabu vifo peke yake, naye akigundua uvimbe wake mwenyewe, angepata wapi moyo?

Ndiyo maana mwaka 2004 una uzito. Mwaka huo wanawake waliokwisha kuugua na kutibiwa waliunda UWOCASO, shirika la kuwasaidia wenzao. Umuhimu wake, kwa maoni yangu, haukuwa katika hotuba. Mgonjwa anayeogopa tibakemikali aliweza sasa kuzungumza na mtu aliyepoteza nywele kwa dawa hizo hizo, na nywele zikaota tena. Daktari anaweza kulisema jambo hilo, lakini yeye hakuwahi kunyonyoka. Waliopona wameshona hata matiti ya bandia kwa ajili ya waliokatwa, maana mwanamke anataka pia kuvaa gomesi yake Jumapili na ikamkaa sawasawa.

Lakini mwenzio hawezi kuwa mashine. Tiba ya mionzi ilianza Mulago mwaka 1995 kwa mashine ya kobalti. Baada ya upasuaji, mionzi huua seli zilizobaki. Saratani ikishaingia mifupani, hupunguza maumivu. Kobalti yenyewe hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya miaka mitano na kidogo, kwa hiyo chanzo kinapozeeka mgonjwa hulala chini ya mashine muda mrefu zaidi kwa dozi ile ile. Mwaka 2016 mashine hiyo, iliyokuwa ya pekee nchini, iliharibika kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo. Ni ukarimu mkubwa, ila mionzi hutolewa kila siku kwa wiki kadhaa, na Nairobi ni safari ya usiku kucha kwa basi. Mama aliyekatwa titi mwezi ule, mwenye watoto nyumbani na kibanda sokoni, hakupungukiwa moyo. Alipungukiwa mtu wa kumwachia watoto.

Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Ndipo mgonjwa wa Mulago alipoweza tena kupangiwa tarehe ya mionzi bila kuvuka mpaka wa Busia au Malaba.