Wimbo bure, moto kwa fedha

Chukua dumu la lita 20, toboa tundu ubavuni, pachika spika iliyong'olewa kwenye redio mbovu. Ungia kisahani cha kusomea flashi na betri ya simu iliyopasuka kioo. Washa. Spika ikiwa tupu, mawimbi ya mbele na ya nyuma hufutana. Dumu huyatenganisha, besi ikatoka nzito. Kwa aliyekulia Busi, wilayani Kondoa, au kijiji chochote cha uwanda wa kati ambako nguzo za umeme zilichelewa, si kioja hicho.

Historia ya mashine hizi za muziki ni historia ya moto wa betri kuliko ya sauti. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, lakini redio za balbu zilikula betri nzito. Redio za transista, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1954, ndizo zilizoweza kumfuata mkulima shambani. Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikajenga kiwanda Dar es Salaam, kikatoa redio na betri za National. Nyimbo za NUTA Jazz na Morogoro Jazz zilikuja bure kupitia Radio Tanzania. Kilichonunuliwa dukani ni moto.

Moto ukiisha, akili ilianza kazi. Betri moja hutoa volti 1.5; redio ya volti 6 hutaka nne. Zikichoka, ziliongezwa nyingine kuukuu, zikapangwa kichwa kwa mkia ndani ya boksi lililokunjwa, zikakazwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Zilizozimika kabisa zilianikwa juu ya bati: joto huchochea kemia iliyobaki, ukapata nyimbo mbili tatu. Ukizisahau ndani ya redio, zilivuja maji na kula springi.

Kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963, ilileta mota yenye njaa zaidi. Ndiyo maana utepe ulirudishwa nyuma kwa kalamu ya Bic, ukizungushwa mkononi, ili betri zibaki za kusikilizia. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika, spea ya redio mara nyingi ilikuwa ndani ya redio nyingine iliyokufa. Mkebe wa fundi ukawa duka.

Leo mkebe huo una betri za kompyuta mpakato, kila seli volti 3.7, na vipande vya paneli za sola. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nyaya mbali, na sabufa za dukani zimezifuata. Lakini ukija mgao wa umeme, sabufa hunyamaza mtaa mzima. Dumu huendelea kuimba.