Kengele ya Chuo: Kutoka Virginia Hadi Garissa

Leo tuangalie mtambo ambao hakuna anayeujali mpaka siku unapohitajika: mfumo wa kutoa tahadhari chuoni. Ukiutazama kwa nje ni programu ndogo tu. Mtu anabonyeza kitufe, simu zinalia. Lakini historia yake ni nzito, na sehemu yake kubwa imeandikwa hapa kwetu.

Tuanzie Marekani. Aprili 16, 2007, katika chuo cha Virginia Tech, mwanafunzi mmoja aliwapiga risasi watu wawili bwenini yapata saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuwaonya wengine ilitumwa saa tatu na dakika 26. Dakika chache baadaye mtu yule yule alianza kuua tena, safari hii kwenye jengo la madarasa. Waliouawa siku hiyo walikuwa 32.

Sasa jiulize: barua pepe husafiri kwa sekunde, je, zile saa mbili zilipotelea wapi? Hazikupotelea kwenye seva. Polisi walidhani ni ugomvi wa watu wawili na kwamba mhusika ametoroka, nao wakuu wa chuo walikuwa kikaoni wakitafakari. Mwaka 2008 sheria ya Clery, iliyokuwepo tangu 1990, ilirekebishwa ili vyuo vya Marekani vitoe tahadhari mara tu hatari inapothibitishwa. Kuanzia hapo mifumo ya kutuma ujumbe kwa wanafunzi wote ikawa kitu cha kawaida kule.

Kenya, 2015

Machi 25, 2015, Chuo Kikuu cha Nairobi kiliwatahadharisha wanafunzi wake kwamba kuna taarifa za uwezekano wa chuo kikuu kushambuliwa. Wiki moja baadaye, Alhamisi Aprili 2, yapata saa kumi na moja na nusu alfajiri, wapiganaji wanne wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, wakati huo kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi. Walianza na walinzi langoni, wakawaua wanafunzi waliokuwa kwenye maombi, kisha wakaingia mabwenini. Kikosi maalum cha Recce kilisafirishwa kutoka Nairobi, na operesheni ikamalizika jioni. Waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Siku kumi baadaye, Aprili 12, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko kabla ya mapambazuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani ni shambulio. Waliruka kutoka ghorofani, wakakanyagana. Mmoja alifariki, zaidi ya 100 wakajeruhiwa. Halafu Novemba 30 mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Strathmore kilifanya zoezi la usalama, na baadhi ya watu wakaamini ni shambulio la kweli. Mfanyakazi mmoja alijirusha na kupoteza maisha.

Matukio hayo matatu tuyaweke kando kwa kando. Garissa, onyo lilikuwepo nchini lakini halikuzuia kitu. Kikuyu, mlio ulifika kabla ya maelezo. Strathmore, ishara ilikuwa ya uongo lakini ilionekana ya kweli. Mfumo wa tahadhari unaofaa lazima ujibu yote matatu: useme mapema, useme ni nini, na uaminike.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi?

Njia ya kwanza ni ujumbe mfupi. Chuo kina orodha ya namba za simu. Programu inapeleka ujumbe kwa kampuni ya simu, kituo cha ujumbe kinaupanga foleni, kinauliza kila laini iko sehemu gani ya mtandao, kisha kinaituma moja moja. Tuseme foleni inapitisha jumbe 10 kwa sekunde: wanafunzi 800 watamalizika kwa sekunde 80. Si mbaya. Ila saa ya hatari kila mtu anapiga simu nyumbani, mnara unalemewa na foleni inasimama. Pia orodha huchakaa: mwanafunzi akibadilisha laini, tayari yuko gizani. Na mgeni, fundi au mama anayeuza chai langoni hayumo kabisa.

Njia ya pili ni utangazaji wa mnara. Hapa hakuna orodha. Mnara unatangaza mara moja, kama redio, na kila simu iliyo karibu na inayokubali matangazo hayo inapokea kwa pamoja. Watu wawe 10 au 10,000, mzigo kwa mnara ni ule ule. Uwezo huu umo katika viwango vya GSM tangu miaka ya 1990, na Marekani walianza kuutumia kwa tahadhari za umma mwaka 2012. Lakini chuo hakiwezi kuununua dukani; lazima kampuni za simu na serikali wakubaliane.

Njia ya tatu ni king'ora na spika. Ni teknolojia ya zamani, lakini betri yake ikitunzwa haihitaji mtandao. Kasoro yake ni kwamba king'ora kitupu hakisemi "kimbia" wala "jifungie ndani". Kule Kikuyu, sauti bila maelezo ndiyo iliyoumiza watu. Kwa hiyo njia hizi zitumike pamoja, na ujumbe uandikwe kabla: hatari gani, iko wapi, fanya nini. Kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza.

Mbona Balambala?

Ukiufuata Mto Tana kutoka mjini Garissa kuelekea juu, utafika Balambala. Huko adui wa mara kwa mara ni maji. Bwawa la Masinga likifurika, mto hupanda, na maji hupita Balambala kabla ya kufika mjini. Kaunti ya Garissa iliona mafuriko makubwa mwaka 2018, 2023 na 2024. Tangazo la mnara linaloweza kumwonya mwanafunzi bwenini ndilo hilo hilo linaloweza kumwambia mkulima wa ukingoni ahamishe mbuzi leo, hata kama ana mulika mwizi tu mkononi. Ila pasipo na mnara, hakuna tangazo. Kwa hiyo swali la minara Kaskazini Mashariki lisiishie kwenye biashara ya intaneti. Linagusa uhai wa watu.

Kwa sisi waandika programu, somo la 2007 na 2015 ni moja. Kutuma ni kazi ya sekunde. Kigumu ni kuamua mapema nani ana ruhusa ya kubonyeza kitufe, bila kuitisha kikao, saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati mkuu wa chuo amelala. Jina la mtu huyo, na la msaidizi wake, liandikwe kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo.