Pasi ya mkaa, tosta na reli ya kati

Kwenye baraza ninaloketi jioni, Magomeni Mikumi, kuna pasi saba na tosta moja, na hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivyo kinachofanya kazi yake. Vimepangwa juu ya ubao mrefu, pua kwa mkia, kama mabehewa. Mwenyewe ni fundi cherehani ambaye macho yake yamestaafu kabla yake. Wanaokuja kuvitazama ni watu wanne au watano, mmoja wao aliwahi kufanya kazi reli, na ukipita ukawasikia wanavyobishana utadhani ni kikao cha mastesheni masta. Hii imetoka karakana mwaka gani? Inavuta tani ngapi? Ya upana wa Mjerumani au wa Mchina? Halafu mmoja anainua kitu chenyewe kinachogombewa, na ni pasi ya mkaa yenye kutu, mpini umeungua upande mmoja.

Ulaya kuna watu wazima wanaocheza na treni ndogo, na hawatanii hata kidogo. Kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipeleka reli za kuchezea zenye vipimo maalumu kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1891, na tangu hapo mambo yamekuwa ya milimita. Kipimo kinachopendwa zaidi leo ni kupunguza kila kitu mara 87. Reli yetu ya kati, ambayo upana wake ni mita moja kamili, kwa hesabu hiyo inabaki milimita 12 hivi. Lugha hiyo ya vipimo ukiichukua kwa uzito ule ule ukaivika tosta, ndipo kicheko kinapoanza. Sisi Magomeni hatukuwa na Märklin. Treni yetu ilikuwa makopo ya samaki yaliyotobolewa na kuunganishwa kwa uzi, ikaburuzwa mchangani hadi mama aite. Basi tulipokua, uzito wote wa reli tukauhamishia kwenye pasi.

Na pasi ya mkaa inastahili. Itazame kwa karibu. Umbo ni la mtumbwi wa chuma cha kalibu, kifuniko kimeshikwa na bawaba nyuma, na mbele kuna kitasa chenye kichwa cha jogoo. Juu, karibu na pua, limechomoza bomba fupi la moshi lililopinda. Ubavuni kuna matundu ya kuingiza hewa, na ndani, kwenye zile zilizotengenezwa vizuri, kuna wavu wa kushikilia makaa ili majivu yashuke chini. Tanuri lipo, chekecheke la majivu lipo, dohani lipo. Unapakia mkaa, au vifuu vya nazi ukitaka moto mkali wa haraka, unatoka nayo uani na kuipunga mbele na nyuma kama mtu anayebembeleza mtoto mzito. Kwanza moshi mweupe, kisha harufu ya chuma, kisha matundu yanaanza kung'aa mekundu. Unaisugua kwenye jani la mgomba, inateleza. Yule mstaafu wa reli husema kilichokosekana hapo ni maji tu, na fundi humjibu kwamba maji yalikuwepo: fundi alijaza kinywa, akapuliza matone kwenye kitambaa, kisha akapitisha chuma. Pasi ya mvuke ya kwanza Magomeni ilikuwa na mashavu.

Hata ubaya wa pasi na wa kichwa cha treni ni mmoja. Vichwa vya mvuke vilirusha cheche na kuchoma nyasi kando ya njia. Mimi shati langu jeupe la kidato cha kwanza lilitobolewa mfukoni na cheche iliyoruka kwenye tundu la ubavuni, usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule. Nilivaa hivyo hivyo, mkono kifuani, walimu wakadhani nina heshima.

Injini ambayo baraza letu linaitaja kwa kunong'ona ni Mount Gelai. Ni moja ya vichwa 34 vya daraja la 59 vilivyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, kila kimoja kikipewa jina la mlima wa huku. Kilikuwa na uzito wa tani 250 hivi na urefu wa zaidi ya mita 31, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuvizidi nguvu vichwa hivyo. Gelai ni mlima wa kwetu, karibu na ziwa Natron, lakini injini yenyewe imekaa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, jambo ambalo mstaafu wetu hajalisamehe tangu Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Muundo wake ni wa Garratt: mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele mmoja nyuma, na tangi la kuchemshia maji limening'inia katikati. Fundi alipoona picha yake alichukua pasi mbili za mkaa akazigeuza mgongo kwa mgongo, akalaza kopo la maziwa ya unga katikati. Ukigawa Mount Gelai kwa 87 unapata sentimita 36 au zaidi kidogo. Zile pasi mbili na kopo lake tulizipima kwa futi ya cherehani: sentimita 58. Mstaafu akatoa hukumu kwamba injini si ya kipimo, lakini kopo liko sawasawa.

Mpaka hapo ni mzaha. Ila kuna mahali historia ya mji huu inaungana na mzaha huo bila kuombwa.

Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache kabla ya vita. Katikati ya kazi hiyo, mwaka 1908, Wajerumani walileta umeme wa kwanza mjini. Haukuletwa kwa ajili ya taa za watu wa Kariakoo, wala haukuletwa kwa ajili ya pasi. Uliletwa kwa karakana za reli na sehemu ya mji waliyokaa wakoloni wenyewe. Waya wa kwanza uliovutwa Dar es Salaam ulikwenda kutengeneza treni. Kwa hiyo pasi ya umeme iliyokaa pale barazani, na tosta pia, kwa ukoo ni wajukuu wa karakana ya reli. Nilipolisoma jambo hilo na kulipeleka barazani, watu walinyamaza kidogo. Kisha fundi akauliza kama TANESCO wanajua wanadaiwa mahari.

Ajabu nyingine ni mpangilio. Treni za kwetu zilianza na mvuke, zikaja dizeli, mwisho umeme. Pasi zikaenda kinyume. Zilianza na moto mkavu wa mkaa, zikaja za umeme, ambazo Henry Seely wa New York alipata hataza yake mwaka 1882, na baadaye ndipo zikaja za mvuke, zile zenye tangi la maji na kitufe cha kupulizia. Pasi inafika mvuke wakati treni inauaga. Wale wa barazani hulizungumzia jambo hilo kama mabasi mawili yaliyopishana Chalinze usiku, kila moja likipigia jingine honi.

Kuna swali ambalo vijana huuliza: kama umeme ulikuwepo mjini tangu 1908, mbona bibi zetu walipunga pasi ya mkaa hadi juzi? Jibu la haraka ni kwamba nyumba nyingi za Magomeni zilizojengwa baada ya Vita ya Pili ziliishi na taa za chemli kwa miaka mingi. Jibu la kweli zaidi liko kwenye mlango wa kila nyumba ya kupanga. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na korido katikati, mita ni moja, na bili hugawanywa kwa vichwa. Hapo ndipo sheria ya mwenye nyumba ilipozaliwa: taa ruksa, redio ruksa, pasi na hita marufuku. Sheria hiyo ina hesabu yake. Balbu ya wati 60 huhitaji saa 16 na ushee kumaliza uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza kwa saa moja. Mpangaji mmoja anayenyoosha suruali tatu anakula umeme wa korido nzima. Kwa hiyo pasi ya mkaa haikuuawa na umeme. Ilijificha uani, nyuma ya choo, ikasubiri mgao, na miaka kama 2006 na 2011, giza lilipopangiwa ratiba, ikatoka kifua mbele. Nakumbuka wafanyakazi wa ofisi wakija kuazima pasi kwa fundi, tai shingoni, mfuko wa mkaa mkononi.

Ubishi wa upana wa reli nao una ukweli wake. Nchi hii ina reli za aina tatu. Ya Mjerumani ni milimita 1,000. TAZARA, iliyojengwa na Wachina na kukabidhiwa mwaka 1976, ni 1,067, ili ioane na za kusini. SGR, ile reli mpya, ni 1,435. Treni ya moja haiwezi kukanyaga nyingine, na ndiyo maana tangu 1998 pale Kidatu kuna kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa la TAZARA kwenda la reli ya kati. Sasa nenda Kariakoo ukanunue pasi iliyokuja na mzigo wa Dubai. Plagi ina vijiti viwili vya duara. Soketi ya ukutani kwako ina matundu matatu ya pembe nne. Kila mtu wa Dar anajua kinachofuata: unachukua kalamu ya wino au kijiti, unakisukuma kwenye tundu la juu mpaka matundu ya chini yafunguke, unaingiza vijiti kwa nguvu. (Usifanye hivyo. Nasema huku nikijua utafanya.) Barazani kitendo hicho kinaitwa Kidatu. "Fundi, hii pasi inaingia?" "Inaingia, mzee, ila inapitia Kidatu."

Tosta sasa. Ililetwa na binti wa fundi, anayeuza chai na chapati karibu na kituo cha mwendokasi cha Mapipa, baada ya kuona wateja wake hawataki tosti hata kwa bure. Kwa historia tosta ni ndugu mdogo wa pasi. Ilikosa waya wa kuhimili wekundu mpaka Albert Marsh wa Marekani alipopata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromu mwaka 1906. General Electric wakauza ya kwao mwaka 1909. Na Charles Strite akapata hataza ya ile inayorusha mkate yenyewe mwaka 1921. Magomeni kazi hiyo tayari ilikuwa na mwenyewe. Mkate ulichomwa juu ya jiko la mkaa, na wanafunzi wa bweni walijua kubana slesi mbili ndani ya karatasi na kuzipiga pasi.

Swali likawa: tosta inaingia kwenye msafara au haiingii? Mstaafu alikataa katakata. Kichwa cha treni kinakwenda, alisema, pasi inakwenda, hii imekaa. Upande wa pili ukasema njia mbili sambamba inazo, upana wa kila njia ni slesi moja, na kengele inalia. Ubishi ulikwenda hadi isha. Mwisho fundi mwenyewe akapata neno: tosta si treni, ni stesheni. Abiria wanaingia weupe, wanasubiri bila kuambiwa kitu, joto linapanda, halafu ghafla wote wanasimama kwa pamoja. Aliyewahi kusubiri treni ya kwenda Kigoma hakuhitaji maelezo zaidi. Tosta ikawekwa mwisho wa ubao, na hapo ipo.

Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, na Julai ikafika Dodoma. Nyaya za juu zina volti 25,000. Umeme ulioletwa mwaka 1908 kutengeneza treni ulichukua miaka 116 kupanda juu ya treni yenyewe. Haukukosa vituko: mwishoni mwa Julai hiyo hiyo treni moja ilisimama njiani kwa saa mbili hivi, na shirika la reli, TRC, wakaeleza kuwa ngedere na bundi ndio waliosababisha hitilafu ya umeme. Barazani tuliichukulia habari hiyo kwa utulivu wa watu waliowahi kukatiwa umeme na sababu zisizo na mkia wala mabawa.

Kisha zikaja treni za mchongoko. Sijui nani aliyezibatiza, lakini jina limekaa. Fundi alikwenda Stesheni na mjukuu wake kuiona ikiingia. Aliporudi hakusema kitu, alivua viatu, akaenda moja kwa moja kwenye ubao. Aliitoa pasi ya mkaa iliyokaa mbele siku zote, akaisogeza nyuma. Mahali pake akaweka ile pasi ya mvuke ya plastiki nyeupe, ya mkwewe, iliyokufa kifaa cha joto, akaigeuza pua ielekee mjini. Pua ndefu, tumbo bapa, kioo cheusi juu ya paji la uso. Hakuhitaji kueleza. Miaka yote tulikuwa tukisema pasi inafanana na treni.

Mstaafu alipofika baada ya magharibi alisimama mbele ya ubao, mikono nyuma, akaikagua kutoka pua hadi mkia. Mtaa wote ulikuwa giza.

"Nzuri," alisema. "Umeme wake upo?"