Mashujaa Tunaowasimulia Watoto

Wako walimu wenzetu wanenao kwamba si vema kuwafundisha watoto kuwastaajabia mashujaa. Mtoto, wasema, atalidharau jembe la baba yake, na mwanadamu hastahili kutukuzwa. Twawaheshimu, lakini twaona mtoto atamstaajabia mtu tu, tupende tusipende. Asiposimuliwa nyumbani, atajitafutia wake sokoni.

Sisi tulilelewa kwa habari za Chuma na Susi. Mwezi wa Mei 1873 Dakta Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa na misheni kule India, akasoma sala za maziko. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa nguo na gome la mti, wakauchukua hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Wengine walifia njiani. Huko Unyanyembe Mwingereza mmoja, Cameron, aliwashauri wauzike papo hapo. Wakakataa, ingawa yeye alikuwa bwana na wao watumishi.

Hivyo ndivyo tulivyosimuliwa, na hivyo tukasimulia miaka mingi. Lakini yalikuwako mambo mawili ambayo waalimu wetu waliyaacha, yamkini kwa mapenzi.

La kwanza ni la mwaka 1868. Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, watu wake karibu wote walikataa kumfuata, na Chuma na Susi walikuwa miongoni mwao. Walikuwa wamechoka kwa safari isiyo na mwisho, na nani angewalaumu? Akaenda na wachache. Baadaye akawapokea tena, kwa kuwa alijua ya kuwa yeye naye ana makosa yake.

La pili lilitokea baada ya Unyanyembe, mahali paitwapo Kasekera. Wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi wale watu wakafunga mabua ya mtama katika nguo, mfano wa maiti, wakawatuma wenzao kuirudisha Unyanyembe kana kwamba yaenda kuzikwa. Wale wakafika porini, wakayatupa mabua huku na huku. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa kama mtumba wa nguo za biashara, ukapita machoni pa watu wote.

Tulipoyajua hayo tukaona haya kuyaleta darasani. Tukafikiri: tutamwambiaje mtoto kwamba watu waaminifu waliasi, tena wakadanganya? Mwisho tukayasimulia yote. Kijana mmoja, mtoro wa shule aliyerudishwa juzi kwa fimbo ya mjomba wake, akainua mkono. Hakuuliza habari za mabua, kama tulivyoogopa. Aliuliza, "Mwalimu, wale waliokataa kwenda ziwani, ndio hao hao waliombeba?"

Tukamjibu kwamba ndio hao hao, na kwamba Chuma baadaye aliongoza misafara ya Askofu Steere, na Susi akabatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa David. Kijana akakaa kimya. Kesho yake alikuja shule kabla ya kengele, naye hakutoroka tena muhula ule.

Tangu siku hiyo habari za Chuma na Susi twazianzia mwaka 1868.